Hodi ya Nne kwa Mzee Shomari

Asubuhi ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya nyasi zake. Zilikuwa nyeupe. Haikuwa theluji, maana theluji hapa Sydney tunaiona kwenye televisheni tu. Ulikuwa umande ulioganda, umelala juu ya majani ya ua mzima, na kila nilipokanyaga palilia kama chapati kavu. Ulikuwa mwezi wa saba. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilidhani baridi naijua.

Mama yako ameniambia umejiandikisha kuwapitia wazee kipindi hiki cha baridi, wewe na wenzako wa ukumbi wa Merrylands. Nimefurahi, tena sana. Lakini kabla hujaanza kusimama milangoni mwa watu, keti kidogo unisikilize. Najua utanijibu kwa Kiingereza. Nijibu tu, nitakuelewa. Huku mtu wa hamsini na tatu bado anaitwa kijana na anakimbia barabarani na kaptula, ila kwa hesabu za kwetu mimi ni mzee tayari, na mzee haki yake ni kusikilizwa hata chai ikipoa.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu baridi ni jirani wa kudumu. Mwezi wa sita na wa saba viazi huungua shambani kwa umande, na mtoto huenda shule amevaa sweta juu ya sweta. Kwa hiyo nilipofika hapa na kuwasikia Watanzania wa Dar es Salaam wakilia kwamba wanakufa kwa baridi, niliwacheka mbele ya macho yao. Nilikuwa nafanya kazi Smithfield, kwenye bohari la vyakula vilivyogandishwa, nikiingia kwenye friza kubwa mara kumi kwa siku. Nani angenifundisha baridi?

Kitu kimoja tu kilinishinda kukielewa: nyumba za hapa. Mbona ndani kuna baridi kuliko nje? Nilimwuliza kila mtu. Nilinunua hata vipimajoto viwili, kimoja nikakitundika nje ya dirisha, kingine nikakiweka juu ya meza ya jikoni, nikawa naandika kwenye daftari. Saa nne asubuhi nje jua limeshaanza kupasha, ndani meza bado inauma mikono. Jirani yangu, Mwaustralia mzaliwa, alikuwa akitoka asubuhi na kandambili miguuni, mvuke unamfuka mdomoni, na ukimwuliza anakuambia hapa hakuna baridi, baridi iko Ulaya. Nikafikia uamuzi kwamba watu wa mji huu walijenga nyumba kwa ajili ya kiangazi, kisha wakakubaliana wote kwamba kipupwe hakipo. Kuta nyembamba, kioo kimoja dirishani, upepo unapita chini ya mlango. Baridi ya Njombe hukupiga usoni ukaijua. Ya hapa huingia ndani, ikakaa na wewe kama mpangaji.

Ndipo ukumbi ulipoanzia. Alikuwepo mwanamke wa Bukavu, Mama Furaha, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili ya barabara. Alikuwa akifanya kazi ya kulea wazee, na alichoka kuwakuta wamejikunyata kitandani mchana na makoti. Akamwendea mchungaji, akamwomba ukumbi wa kanisa ufunguliwe siku za baridi kali, tangu asubuhi mpaka jioni. Hita mbili kubwa, supu, chai ya tangawizi, viti vya kutosha. Sufuria ya halali ilikuwa na kifuniko chake chekundu, na ole wako uchanganye miiko. Mwanzoni watu walisitasita. Nani anataka kuonekana anaenda kuota moto wa bure kama hana kwake? Mama Furaha akabadilisha jina, akawaambia watu waje kunywa chai. Wakaja Wakristo, wakaja Waislamu, Warundi, Wakenya, Wakongo, sisi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Siku nisizokuwa kazini nilikuwa nasaidia pale: kupanga viti, kuosha vikombe, kuwafuata wazee kwa miguu au kwa gari langu bovu. Na katika wazee wote, niliyempenda kupita kiasi alikuwa Mzee Shomari.

Mzee Shomari alikuwa fundi cherehani wa Tanga. Binti yake alimleta Sydney, kisha kazi ikampeleka binti Perth, naye mzee akagoma kumfuata. Alisema amehama vya kutosha kwa maisha ya mtu mmoja. Akawa anaishi peke yake kwenye kijumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kilebanoni, dakika kumi kwa miguu kutoka ukumbini. Kila siku ya baridi alikuja, kofia yake ya kushonwa kwa mkono imenyooka, akakaa kiti cha pili kutoka jikoni, na kazi yake ikawa kuuliza. Kwa nini mvuke unatoka mdomoni asubuhi na mchana hautoki? Kwa nini paka wa hapa hulala juu ya magari? Nami nilikuwa wa aina yake. Tulikuwa tunaweza kubishana saa nzima juu ya mvuke, Mama Furaha akatufukuza tukamenye vitunguu.

Sasa sikia jinsi nilivyopata adabu yangu. Mara ya kwanza kumfuata kwake niligonga mlango wake ngo! ngo! ngo! kama polisi. Alifungua, akanitazama tangu viatu mpaka nywele.

"Kijana, kwenu mnaingia nyumba za watu kwa ngumi?"

"Samahani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza nikufunze. Unasimama pembeni ya mlango, hukodolei macho ndani. Unabisha hodi. Kimya? Unangoja, unabisha ya pili. Kimya? Unangoja, ya tatu. Kimya? Unakwenda zako bila kinyongo. Huenda mtu anaswali, huenda amelala, huenda hataki kukuona, na ni haki yake. Hodi ni tatu, mwanangu. Ya nne ni ukorofi."

Niliyapenda maneno yale. Kwetu pia tuna adabu zetu, lakini ile ya kuhesabu niliiona ya kiungwana, nikaishika kama sala.

Basi asubuhi ile ya nyasi nyeupe, ukumbi ulijaa mapema. Baridi ilikuwa imezidi siku tatu mfululizo, na hata wale wa kandambili walikuwa wamevaa soksi. Ilipofika saa tatu, Mama Furaha akatazama kiti cha pili kutoka jikoni. Kilikuwa kitupu.

"Papa Shomari iko wapi?" akaniuliza. "Enda umuangalie."

Nikachukua chupa ya chai, nikaenda. Nilipita kando ya nyumba ya yule mama wa Kilebanoni mpaka uani. Pazia la dirisha la mzee lilikuwa limefungwa. Makobazi yake yalikuwa mlangoni, yamepangwa sawasawa kama kawaida yake, na juu ya ngozi ya viatu hivyo kulikuwa na umande ulioganda. Niliyaona. Nataka ujue kwamba niliyaona kabisa, nikainama nikayagusa kwa udadisi, nikastaajabu kwamba umande unaweza kuganda hata juu ya kiatu. Halafu nikasimama pembeni ya mlango, sikukodoa macho.

"Hodi."

Kimya. Nikangoja.

"Hodi, Mzee Shomari."

Kimya.

Ya tatu niliipaza kidogo. Nilidhani nimesikia kitu, kama kiti kinaburuzwa, au bomba la maji kwa jirani. Nikategea sikio. Kikapotea. Nikajiambia mzee amelala, na kumwamsha mzee aliyelala ni utovu wa adabu. Nikaweka chupa ya chai karibu na makobazi, nikaenda zangu. Njiani nilijisikia muungwana, mwanangu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nilipoingia ukumbini Mama Furaha alikuwa anakoroga supu. "Eh? Anakuja?"

"Amelala, mama. Hajambo."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Ulimuona na macho?"

"Hapana, lakini..."

"Ulisikia sauti yake?"

"Nilibisha hodi tatu, hakuitika, kwa hiyo..."

"Sasa nani alikuambia hajambo? Mulango?"

Akapunguza moto wa jiko, akajifuta mikono, na akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kule ku kazi yako, ndani ya ile friji kubwa. Mwenzako akitoka, munamuulizaka nini?"

Nilijua jibu. Bohari letu lilikuwa na kanuni. Hakuna mtu kuingia frizani peke yake, na ukitoka, msimamizi hakuulizi kama uko sawa, kwa sababu mtu aliyepoa husema yuko sawa mpaka anaanguka. Anakuambia uguse kila kidole kwa kidole gumba, kimoja kimoja, na umweleze boksi la mwisho ulilobeba lilikuwa la nini. Ukikosea, huruhusiwi kurudi ndani. Nilikuwa nafanya hivyo mara kumi kwa siku, kwa vijana wenye misuli na makoti mazito. Na kwa mzee wa miaka sabini na kitu, peke yake kwenye kijumba cha ukuta mwembamba, niliuuliza mlango.

"Tunaangalia vidole," nikasema kwa sauti ndogo.

"Haya. Papa Shomari, vidole vyake uliangalia?" Alikuwa ameshavaa koti. Tukiwa garini akaongeza, bila kunitazama: "Jana magaribi mi nilimupigia simu. Akasema salama, alhamdulillahi. Sauti yake ilikuwa nzito, nikafikiri ni usingizi. Mi pia nilikosa. Lakini wewe, mutoto, ulilelewa muzuri, na leo adabu yako inataka kutuulia papa."

Nilikuwa naogopa, na nasema wazi, niliogopa zaidi kwa ajili yangu kuliko yake: kwamba nitakuwa mtu aliyesimama mlangoni akaondoka.

Mama Furaha alibisha hodi ya nne kwa kiganja cha mkono, mlango mzima ukatetemeka, huku akimwita yule mama wa Kilebanoni alete ufunguo wa akiba. Mama yule alikuja anakimbia, kanga zake za kulalia, sijui wao huziita nini, zinaburuzika kwenye nyasi. Mlango ukafunguka. Baridi iliyotoka ndani ilikuwa kali kuliko ya uani.

Mzee Shomari alikuwa amekaa sakafuni kati ya kitanda na mlango, mgongo umeegemea kitanda. Kofia imeanguka. Sweta lake lilikuwa pembeni, na vifungo vya shati amevifungua mpaka tumboni. Hakuwa anatetemeka hata kidogo. Macho yalikuwa wazi nusu, na midomo ilikuwa inachezacheza bila sauti.

Nilimrukia nimsugue mikono na miguu, kama mama alivyotusugua utotoni tukitoka mtoni. Mama Furaha akanishika bega.

"Usisugue! Usimuvute. Polepole kama yai."

Nikakimbilia ile chupa ya chai. Akanizuia tena. Mtu asiyejitambua vizuri humpi kitu cha kunywa, kinaingia njia ya hewa. Akanituma nipige sifuri tatu, namba ya dharura ya huku, niwaeleze tuko wapi na mzee yuko katika hali gani. Yeye akamfunga vifungo, akavua koti lake mwenyewe akamzungushia kifua na shingo, akamvisha kofia kichwani, akaketi nyuma yake na kumkumbatia apate joto la mwili. "Tafuta blanketi," akaniambia.

Na hapa, mwanangu, ndipo nilipokutana na kitu ambacho sitakisahau. Juu ya kabati kulikuwa na mablanketi mawili mapya, mazito, yale tuliyogawa ukumbini mwanzo wa baridi. Yalikuwa bado ndani ya nailoni yake. Chini ya meza kulikuwa na hita ya umeme, nayo tuliitoa sisi. Ilikuwa ndani ya boksi, na boksi halijafunguliwa gundi. Kitandani mwake mwenyewe kulikuwa na shuka mbili na blanketi jembamba la kikuukuu.

Nilipasua ile nailoni kwa meno. Tulimfunika mpaka kidevuni, nikawasha hita mbali kidogo naye, na gari la wagonjwa likafika. Walimbeba taratibu, amelala vilevile, kama Mama Furaha alivyosema.

Hata nikiwa nimechanganyikiwa, udadisi wangu haukuniacha. Nilimwuliza mhudumu mmoja wa gari lile, dada mwenye mikono mikubwa ya upole, kwa nini mtu anayekufa kwa baridi avue nguo. Sikudhani atanijibu, lakini alinijibu huku anafunga mikanda. Alisema mwili ukipoa, mishipa ya ngozini hujikaza ili joto libaki ndani. Ikijikaza muda mrefu huchoka, hulegea, damu yenye joto inarudi kwenye ngozi ghafla, na mtu anahisi anaungua. Akili nayo imeshapoa, haimwambii vinginevyo, basi anavua. Na kutetemeka kukikoma kabla hujapata joto, usishangilie, si nafuu. Ni nguvu zimekwisha. Nikamwuliza kama tungechelewa saa moja ingekuwaje. Alifunga mlango wa gari.

Siku mbili zilipita sikuweza kula vizuri. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshazaliwa. Siku ya tatu tuliruhusiwa kumwona. Mzee Shomari alikuwa amekaa kitandani, kofia kichwani, anamhoji muuguzi kuhusu mashine ya mapigo ya moyo. Alikuwa mzima. Nilipiga magoti pale pale kando ya kitanda.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba. Nikusamehe nini?"

"Nilikuja asubuhi ile. Nilibisha hodi tatu nikaondoka."

Aliuweka mkono wake juu ya kichwa changu. Mkono ulikuwa na joto.

"Nilikusikia," akasema. "Zote tatu nilizisikia. Ya kwanza nikasema karibu, sauti haikutoka. Ya pili nikainuka nije nikufungulie, miguu haikunitii, nikaanguka. Ya tatu nikawa natambaa. Kisha nikasikia hatua zako zinakwenda. Mwanangu, niliona aibu sana. Mgeni amekuja kwangu, na mimi sikuweza hata kumkaribisha."

Nililia, sioni haya kusema. Mtu anakaribia kufa sakafuni, na kinachomwuma ni kwamba mgeni ameondoka bila kukaribishwa.

Mama Furaha, ambaye hakuwa na subira ya machozi, akamwuliza swali lake. "Papa, ile blanketi, ile hita. Mbona ulizifungia?"

Mzee Shomari akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Si ni vipya? Nimeviweka vya wageni."

Hukumbuki kwa bibi yako, mwanangu? Vikombe vyenye maua viko kabatini, sisi tunanywea vya bati. Shuka nzuri ziko sandukuni, sisi tunalalia zilizochakaa. Anangojwa mgeni. Wengi wetu tulivuka bahari na tabia hiyo, na ni tabia njema. Wala usije ukadhani mzee yule alikuwa mjinga. Alikuwa na akili kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Alilelewa tu kwamba kitu kizuri ni cha anayekuja.

Tulipokuwa tunatoka hospitali nilisema, kwa ujana wangu, kwamba akirudi nyumbani tutamlazimisha awashe hita. Tutamwandikia karatasi tuibandike ukutani. Mama Furaha alinicheka. "Utamulazimisha papa wa watu ndani ya nyumba yake? Kesho akirudi, wewe enda. Ingia, kaa, halafu usikie baridi."

"Nisikie baridi?"

"Ee. Wewe njo mugeni." Kwa Kiswahili chake, mimi ndiye mgeni.

Mzee aliporudi, nikaenda. Nilibisha hodi, akaitika, nikaingia, tukasalimiana kwa kirefu. Alipouliza habari nikasema nzuri, kisha nikakunja mabega, nikapuliza viganja. Loo! Ungemwona. Aliinuka kama kijana. "Mgeni wangu anapigwa baridi!" Hita ikawashwa. Blanketi likaletwa, nikafunikwa magoti. Birika likawekwa jikoni. Nikamwambia, mzee, mimi siwezi kujifunika peke yangu mwenyeji anatazama, nitaona haya. Basi akajifunika la pili. Tukakaa saa nzima tunakunywa chai ya mdalasini na kubishana kwa nini hita inatoa harufu ya vumbi ikiwashwa mara ya kwanza. Shavu lake likapata rangi. Wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tangu siku hiyo tulijipangia zamu. Kila siku ya baridi kali, asiyeonekana ukumbini alipata mgeni mwenye baridi. Mzee Shomari mwenyewe alidai apewe zamu, akawa mgeni wa mzee mmoja wa Kirundi mtaa wa pili, na nasikia alikuwa akitetemeka kwa ustadi mkubwa. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya asubuhi ile. Mwishowe alikubali kuhamia Perth, akafariki kwa uzee, mikononi mwa binti yake, kiangazi, mchana wa jua kali.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, na uzichukue kama unavyochukua chakula cha safarini.

Adabu uliyofunzwa usiitupe. Bisha hodi, amkia, vua viatu. Lakini ujue adabu iliwekwa kwa ajili ya watu walio wazima, na baridi inapoingia nyumbani mwa mtu humnyang'anya sauti kwanza. Mzee akikuambia salama, usiishie hapo, kwa maana sisi tumefundishwa kusema salama kabla ya kusema naumwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Muulize amekunywa nini cha moto leo, na nani alimpigia jana. Mwombe akufungie kifungo cha koti lako, uvitazame vidole vyake. Msikilize kama maneno yanaburuzika. Ukimwona amepoa na akili inayumba, mshike polepole, mkaushe, mfunike kifua na kichwa, usimsugue, usimnyweshe, piga sifuri tatu na ubaki naye. Na ukikuta mtu ameingiza jiko la mkaa ndani ili apate joto, litoe nje kabla hata hujaamkia, ufungue madirisha. Hewa ya sumu ya mkaa inaua bila harufu, na hilo sitaki ulijifunze kwa macho.

Mlango usipofunguka na viatu viko nje, usiondoke. Bisha ya nne, ya tano, ita jirani, tafuta ufunguo, ita polisi ikibidi. Kama mzee alikuwa amelala tu, atakugombeza. Gombezwa. Mimi ningetoa kitu gani asubuhi ile ili nigombezwe!

Na ukikaribishwa, kaa. Usisimame mlangoni na daftari la maswali kama mtu wa serikali. Kubali kiti, kubali chai, usikie baridi mpaka mwenyeji wako apate joto. Wala usione aibu siku ambayo wewe ndiye utahitaji kwenda ukumbini kuota moto. Hakuna mwenye kujitosheleza mwezi wa saba.

Haya, nenda, wazee wanangoja. Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye joto na masikio yanayosikia sauti isiyotoka. Akupe subira ya kukaa pale wengine wanapopita. Na siku yako itakapofika, kwa sababu itafika, ya kusikia hodi na kushindwa kuitika, akuletee mlangoni mtu asiyeondoka.